"Cheat" si kila kudanganya

Mhariri,

Mgeni kutoka Uingereza anamwambia mwongoza watalii pale lango la Marangu, Mlima Kilimanjaro, kwamba ana miaka 71, na mlima ameshaupanda mara tatu. Mwongozaji anacheka kwa mshangao: "You are cheating me!" Yeye amekusudia "acha kunidanganya bwana". Mgeni amesikia "unanipunja", na papo hapo anaanza kuwaza habari za malipo. Hapo pangefaa "You're kidding!"

Kosa hili limezagaa Arusha na Moshi kwa sababu neno letu kudanganya limebebeshwa kazi nyingi mno. "Cheat" ni kupunja au kudhulumu. Lazima kuwe na kitu kilichochukuliwa isivyo haki: fedha, alama za mtihani, ushindi wa bao. Uongo si sharti. Tazama lumbesa. Gunia limejazwa kupita mdomo wake, mkulima analiona kwa macho yake, hakuna aliyetamka uongo, lakini analipwa gunia moja. Hiyo ni "cheat" kamili. Hata asili yake ni mali: neno "escheat" la sheria za zamani za Uingereza, yaani mali ya marehemu asiye na mrithi kurudi kwa bwana wa ardhi. Maofisa wa kazi hiyo walijulikana kwa dhuluma, na jina likawaganda.

Kusema uongo ni "lie", tena linadai "to": "he lied to me", kamwe si "he lied me". "Deceive" ni kuhadaa, hata kwa kunyamaza. Anayepanga nyanya nzima juu ya tenga na zilizooza chini hajafungua kinywa, lakini amehadaa. (Wanaoandika wakumbuke: katika neno hili, baada ya c, e hutangulia i.)

Kali zaidi ni "on". "He cheated on his wife" ni kutoka nje ya ndoa. Sasa mpagazi aliyekatwa ujira akilalamika "my boss cheated on me", mgeni ataelewa mengine kabisa. Aseme "he cheated me out of 20,000 shillings", kiasi kikifuata "out of".

Nawaomba wenzangu wanaofundisha waongoza watalii wafute ubaoni ule mstari wa "kudanganya = cheat". Kwanza wamuulize mwanafunzi: aliyedanganywa amepoteza nini?

Mwalimu wa Kiingereza,
Arusha