Shoga yangu, kuhusu kodi na huo mdahalo wa Harris na Trump (Septemba 2024)

Shoga yangu,

Mambo? Watoto hawajambo? Voisi yako nimeipata, nikaisikiliza mara mbili kwa zile kelele za jikoni nyuma yako, nikaona hili la kuandika kabisa maana kwenye simu tutaishia kuongelea harusi. Umeniuliza kwa upande wa kodi tu, kura ya urais wa Marekani umpe nani, Harris au Trump, na umenikataza nisikuletee zile habari za Springfield (ule uvumi wa uongo kwamba wahamiaji wanakula mbwa na paka za watu). Sawa, hata mimi zilinikera, si unajua sisi wahamiaji tukisikia vile matumbo yanatukata.

Basi mdahalo wenyewe, ile Jumanne ya tarehe 10 Septemba 2024, kodi ilitajwa mwanzoni kabisa na haikukaa sana. David Muir, mtangazaji aliyeendesha mdahalo, alimuuliza Harris kama watu wako vizuri kuliko miaka minne iliyopita, mama wa watu hakusema ndiyo wala hapana, akaenda moja kwa moja kwenye mipango yake: dola 6,000 za nafuu ya kodi kwa mwenye mtoto mchanga, dola 50,000 za kutoa kwenye mapato yanayokatwa kodi kwa anayeanzisha biashara, halafu akamchapa mwenzie kwamba ushuru anaotaka kuweka kwenye bidhaa za nje ni kodi ya mauzo kwa mwananchi. Trump akaruka, yeye hana kodi ya mauzo, nchi za nje ndizo zitakazolipa. Wakarushiana kidogo hapo, mara tumeshahamia mambo mengine. Kwa mtu kama wewe unayesubiri kujua cheki yako ya mshahara itabadilika vipi, hukutoka na kitu.

Sasa hili la kutokata kodi kwenye tipu (bakshishi za wateja) lililokutia moyo. Trump alilitoa Las Vegas mwezi wa sita, Harris naye akalitoa huko huko Las Vegas mwezi wa nane, na si bahati mbaya, Nevada ni jimbo la mahoteli na kasino na kura zake zinagombaniwa. Kwa hiyo kwenye tipu huna wa kuchagua, wote wamesema hawatazikata. Lakini njoo tupige hesabu mwenzangu. Tuseme kwa mwaka, mshahara na tipu vyote kwa pamoja unapata dola 30,000. Unatakiwa ujaze kama mkuu wa kaya (mzazi asiye na mwenza anayelea watoto nyumbani), kwa hiyo mwaka huu wa 2024, 21,900 za mwanzo haziguswi na kodi ya mapato ya serikali kuu. Zinabaki 8,100, na hizo zinakatwa asilimia 10, yaani 810. Halafu una watoto wawili, kila mmoja ana nafuu ya kodi ya 2,000, hizo 4,000 zinaifuta ile 810 yote na zinazobaki unarudishiwa. Maana yake kodi ya mapato hulipi hata sasa hivi! Wakikufutia kodi ya tipu watakuwa wamekufutia kitu ambacho hukidaiwi. Kinachokuuma kwenye cheki ni ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya uzeeni), na hiyo upande wa Harris wamesema itabaki pale pale, upande wa Trump hawajafafanua. Atakayefaidi hasa ni yule mhudumu wa baa kubwa ya mjini, hana mtoto, anapata tipu nono. Namwombea heri, ila si wewe.

Mimi nimeguswa kwenye ovataimu. Alhamisi, siku mbili baada ya mdahalo, Trump akiwa Tucson akasema ovataimu zote hazitakatwa kodi, na unanijua mimi na ovataimu, bila hiyo kodi ya nyumba hailipiki. Kazini kwetu watu walishangilia kama tumeshalipwa. (Kuna dada pale bado anaamini ukifanya ovataimu nyingi unapanda daraja la kodi halafu unaondoka na hela kidogo kuliko usingefanya, nimemwelewesha weee kwamba asilimia kubwa inakata ile pesa iliyozidi tu, haiwezi kula mpaka ya chini, hataki.) Nikatulia nikajiuliza swali ambalo sasa najiuliza kwa kila ahadi: hili atalipitisha nani?

Maana rais hapangi kodi, shoga. Katiba ya huku inasema muswada wa kodi unaanzia Baraza la Wawakilishi, kisha Seneti, ndipo umfikie yeye. Unakumbuka 2021 zile hela za watoto zilizokuwa zinaingia benki kila mwezi kuanzia Julai? Nafuu ilipandishwa mpaka 3,600 kwa walio chini ya miaka sita na 3,000 kwa wakubwa, tukajipanga maisha, ilipofika Desemba ikakata. Biden alitaka iendelee. Seneti ilikuwa nusu kwa nusu, Manchin akagoma, mchezo ukaishia hapo, seneta mmoja tu wa chama chake mwenyewe. Na mwaka huu huu wa 2024, Januari, Baraza lilipitisha muswada wa kuongeza nafuu hiyo kwa kura 357 kwa 70, vyama vyote viwili wakakubaliana jamani, kitu ambacho hukioni kila siku, ukafika Seneti ukakaa miezi, tarehe 1 Agosti wakaukwamisha. Sasa hiyo 6,000 ya Harris ya mtoto mchanga ina tofauti gani na hizo? Ni nzuri, naipenda, lakini njia yake ni ile ile.

Na kuna kitu hakuna aliyekieleza vizuri pale jukwaani wakati ndicho kikubwa. Sheria ya kodi ya 2017, ile ya Trump, sehemu zake nyingi zinazotuhusu sisi wa mishahara, kwa sheria ilivyo sasa Septemba 2024, zimepangwa kuisha mwisho wa 2025. Ikiachwa ife, nafuu ya mtoto inarudi 1,000 kutoka 2,000, na kile kiasi kisichoguswa kinapungua karibu nusu. Kwa hiyo awe nani Ikulu, mwakani, 2025, Kongresi (yaani Baraza na Seneti) lazima ikae iandike upya. Trump anataka iendelee yote, na makampuni yanayotengeneza vitu humu nchini yashushwe kutoka asilimia 21 hadi 15. Harris anasema walio chini ya 400,000 hatawaongezea, makampuni yapande hadi 28. Unajua 2017 ilipita Seneti kwa kura ngapi? 51 kwa 48.

Kimoja tu ndicho rais anaweza kukifanya bila kusubiri sana Kongresi, nacho ni ushuru wa forodha. 2018 Trump aliweka asilimia 25 kwenye chuma na 10 kwenye aluminiamu kwa mamlaka aliyopewa na sheria za zamani, akasaini ikawa. Safari hii anataja asilimia 10 mpaka 20 kwa kila kinachotoka nje, na 60 kwa China. Hii ndiyo ahadi ninayoichukulia serious kuliko zote, na ndiyo inayonitia wasiwasi, maana anayelipa pale bandarini ni kampuni ya humu humu inayoingiza mzigo, halafu inakutupia wewe. 2018 waliweka ushuru kwenye mashine za kufulia, wachumi walipokuja kupima bei zilikuwa zimepanda karibu asilimia 12, na mashine za kukaushia nazo zikapanda hivyo hivyo wakati hazikuwekewa hata senti, kwa sababu tu zinauzwa pamoja! Ila Harris naye asijitie usafi. Ule ushuru Trump aliouwekea China, Biden na yeye makamu wake hawakuuondoa, na Mei hii ya 2024 wametangaza kuupandisha mpaka asilimia 100 kwa magari ya umeme, Trump akamkumbusha pale pale mdahaloni kwamba waliuacha. Na ile 4,000 kwa mwaka ambayo Harris alisema mdahaloni kwamba familia ya kipato cha kati itaumia kwa ushuru wa Trump, kachukua hesabu ya juu, zipo nyingine zinazotoa pungufu.

Kwa hiyo jibu langu, kwa rais mpime kwa ushuru wa forodha, hapo ukimwamini Trump kwamba viwanda vitarudi mpe, usipomwamini basi. Tipu, ovataimu, watoto, hayo shuka chini kwenye karatasi ya kura, kwa mjumbe wa Baraza na kama jimbo lenu lina seneta mwaka huu. Viti vyote 435 vya Baraza vinapigiwa kura Novemba 5, 2024, na najua wewe 2020 ulitia alama ya rais ukakunja karatasi ukarudi kazini, ulinieleza mwenyewe tena unacheka.

Nitumie zip code (namba ya posta) yako ya hapo mlipohamia nikuangalizie wagombea ni kina nani na wameshasema nini kuhusu nafuu ya watoto, na ujihakikishie anwani mpya umeibadilisha kwenye daftari la wapiga kura. Halafu ile fomu yako ya kodi ya mwaka jana, 1040, ipige picha, nina wasiwasi yule jamaa aliyekujazia hakukuweka mkuu wa kaya.

Wako,
Shoga yako wa ovataimu