Barua kutoka Serekunda, Gambia

Neema mpenzi,

Salamu zako zimefika, na picha ya mtoto pia. Amekua kweli, na meno ni ya babu yake mtupu! Umeniuliza swali wanaloniuliza wote wa nyumbani: hiyo Gambia ni nchi kweli au ni wilaya ya Senegal? Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu ungenikatiza kwa vicheko.

Chukua ramani, tafuta Dakar, ushuke kusini kidogo. Utaona mto mkubwa umeingia bara, na kingo zake mbili zimepakwa rangi tofauti na pande zote zinazouzunguka. Basi, nchi ndiyo hiyo. Ni kilomita za mraba kama 11,300. Mkoa wako wa Arusha ungeimeza mara tatu. Upana hauzidi kilomita 50 hivi, ila kwa urefu inaambaa na mto zaidi ya kilomita 300. Mwaka 1889 Waingereza na Wafaransa waliketi wakagawana: hawa mto, wale kila kilichobaki. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta huyu anasomeshwa Kiingereza, binamu yake Kifaransa, na wakikutana msibani wanaongea Kiwolofu au Kimandinka kama kawaida. Mpaka huo wanaujua zaidi askari wa forodha kuliko wenye mashamba.

Wamandinka ndio wengi, kisha Wafula, Wawolofu, Wajola, Waserahule na wengineo, na karibu wote ni Waislamu. Ungewapenda kwa utani wao. Mjola na Mserere wakikutana sokoni wanakashifiana mpaka mgeni anatafuta pa kukimbilia. Kumbe ni watani, sawa na Wachaga na Wapare.

Mto unawalisha na unawachelewesha. Kutoka Banjul, mji mkuu, kwenda Barra, ng'ambo, watu huvuka kwa pantoni, na wewe unayelalamikia Kigamboni ungenyamaza. Mbuzi wamefungwa juu ya paa la gele-gele (ndiyo daladala zao), kinamama wana mabeseni ya samaki wakavu, halafu mnafika katikati ya mdomo wa mto, mawimbi yanaanza na kila mtu anakumbuka dua zake. Huko bara kwenye kivuko cha Farafenni, malori ya Senegal yanayokwenda Casamance, kusini mwa nchi yao, yalikuwa yakilala foleni siku kadhaa, kwa kuwa nchi yao imekatwa na hii katikati. Januari 2019 daraja likafunguliwa. Kwa maoni yangu limefanya kazi kubwa kuliko mikataba yote ya ujirani, hata lile shirikisho lao la Senegambia lililoanza 1982 likavunjika 1989.

Uchumi ni mwembamba kama nchi yenyewe. Karanga ndizo za tangu enzi za mkoloni, na watalii wa Ulaya hukimbilia ufukweni huku kwao kukiwa na baridi. Lakini kinachoshika nyumba nyingi ni pesa za watoto walio nje: zaidi ya moja ya tano ya pato la taifa. Ndiyo maana vijana wamepita njia za panya, jangwani hadi Libya kisha baharini, na si wote waliofika.

Waliouteka moyo wangu ni wanawake wa chaza. Pale darajani unapotoka Banjul utawakuta wametoka kwenye mikoko na mitumbwi yao, mikono imechanika, wanachemsha chaza na kubandua nyama kwa kisu kifupi. Magamba yanarundikwa vilima vyeupe, baadaye yanachomwa kuwa chokaa. Mwaka 2012 serikali iliwakabidhi wenyewe usimamizi wa chaza katika mikoko ya Tanbi, na wanajiwekea miezi ya kutovuna. Nilijaribu kubandua moja, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Sasa siasa. Rais huchaguliwa kwa miaka mitano na bunge lina watu 58. Lakini sikiliza wanavyopiga kura: kwa gololi! Unapewa gololi moja, unaingia nyuma ya pazia, unakuta mapipa yenye rangi na picha za wagombea. Unaitumbukiza kwenye tundu la umtakaye, inagonga kengele ndani: ngling! Mlio ni mmoja tu. Ukisikika wa pili, umekamatwa. Baiskeli haziruhusiwi karibu na kituo, kengele zake zisije zikachanganya watu. Kuhesabu, wanazipanga kwenye trei zenye matundu. Wamefanya hivi tangu miaka ya 1960, wasiojua kusoma wasiachwe nje.

Na gololi hizo ndizo zilizomng'oa Yahya Jammeh. Alipindua serikali ya Dawda Jawara mwaka 1994 akakaa miaka 22. Desemba 2016 akashindwa na Adama Barrow, akampigia simu kumpongeza, wiki moja baadaye akakataa matokeo. Barrow akaapishwa kwenye ubalozi wa Gambia huko Dakar, majeshi ya jirani yakaingia, na Januari 21, 2017 Jammeh akapanda ndege kwenda Guinea ya Ikweta. Mwaka huohuo Hassan Bubacar Jallow akawa Jaji Mkuu. Ndiye yule aliyekuwa mwendesha mashtaka wa mahakama ya Rwanda hapo kwenu Arusha. Kwa hiyo usiseme Gambia huijui, watu wake mmepishana nao barabarani.

Ukija, njoo Desemba au Januari, mvua zimekwisha na joto halijakolea. Shukia Dakar uje kwa barabara hadi Barra, ili hiyo pantoni uione mwenyewe; nitakuwa nakusubiri upande wa Banjul. Na kwenye begi weka kilo mbili za unga wa sembe, maana huku ni wali mchana, wali usiku.

Msalimie mama na shemeji.

Wako,
Rehema