Shukrani kwa Mzee Aliyenisomea Picha za Angani

Kwako, mzee mpima ardhi mstaafu wa hapa Mbeya, uliyeniomba nisikutaje jina, natoa shukrani zangu za dhati hadharani. Picha za zamani zilizopigwa kutoka angani nilikuwa nazo, nikitafuta ndani yake uwanja wa ndege wa zamani wa Mbeya, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba uwanja wa ndege wa nyasi hautambuliwi kwa rangi peke yake, kwa kuwa malisho na mashamba yasiyolimwa nayo huonekana meupe vilevile. Hutambuliwa kwa kingo zilizonyooka, kwa ncha zisizo na miti, na kwa urefu, maana katika mwinuko wa Mbeya, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Ulipoweka chini ya stirioskopu, kifaa chenye lenzi mbili kinachofanya picha mbili zionekane kama umbo moja lenye kina, picha mbili zilizofuatana, zenye kuonyesha eneo lilelile, mteremko ulijitokeza wazi. Ukanieleza pia kwamba mwaka 1932 ndege za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zikitoka Dodoma kuelekea Mpika, katika Zambia ya leo, zilikuwa zikitua Mbeya, habari ambayo sisi tuliozoea uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwishoni mwa 2012, hatuisikii mara nyingi. Ramani niliyoichora nitakuletea uikague, mzee wangu, kabla sijamwonyesha mtu mwingine.