Mwanangu, hilo jina la Vuk

Mwanangu, tumbo linaendeleaje? Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, unasema mtoto ataitwa Vuk, kwa Kiserbia ni mbwa mwitu, jina la kawaida tu, hapo Belgrade wamejaa. Sawa. Ila jana nimemkalisha mdogo wako anisomee habari zake kwenye simu mpaka bando likakata.

Kumbe yule Vuk Karadžić wao, aliyewaandikia kamusi ya Kiserbia, aliyezaliwa kijiji cha Tršić mwaka 1787, aliitwa hivyo sababu watoto waliomtangulia walikufa, na mwenyewe kaandika kwenye hiyo kamusi ya 1818 kwamba mama akifiwa na watoto mfululizo anayefuata anaitwa Vuk, maana wachawi wanaokula watoto hawathubutu kumsogelea mbwa mwitu. Sasa niambie ukweli. Mwaka jana ulikaa kimya miezi miwili ukasema kazi zimekubana. Ilitoka mimba?

Sikugombezi. Utasema ni jina la babu yake mumeo na labda ni kweli, sahivi wengi wanaliweka kwa kulipenda tu. Lakini mimi nilizika wawili kabla yako, ndo bibi yako akakuita Tabu, kifo kikisikia hilo jina kipite zake, akakufunga na uzi mweusi mkononi nikawa naukagua kila asubuhi kama upo. Hayo hukuyajua. Unachojua wewe ni fimbo ya siku ile ulipolikataa jina shuleni. Ilitakiwa nikukalishe nikwambie, mdomo ukawa mzito, na naona uzito huo umeurithi.

Mdogo wako kaona wana na jina lingine, Živko, linatokana na kuishi, mimi hilo lingenituliza zaidi. Ila mkishaamua Vuk nitamwita Vuk, nimeshalitamka jikoni peke yangu na linatoka vizuri.

Bati la jikoni limetoboka tena, fundi anakuja Jumamosi. Hela uliyotuma imeenda kwenye ada, na usitume nyingine mpaka ujifungue, nunua viatu visivyoteleza kwenye barafu. Yaani umejitafutia maisha ugenini mpaka majirani wananipa hongera, halafu kula tu mpaka ukumbushwe!

Nipigie mwenyewe mumeo akiwa kazini, usitume voisi. Kama ilitoka niambie, na mimi nimlilie.

Mama