Mikoko haifuati ratiba ya mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Miaka tisa nimelisoma gazeti lako bila kulisumbua, lakini ile picha ya ukurasa wa tatu imenishinda. Naamini unaikumbuka: watoto wa shule ya msingi wamelowa hadi kiunoni, fulana mpya za maadhimisho ya Siku ya Mikoko zimevalishwa juu ya sare, mgeni rasmi kasimama ndani ya mabuti, na nyuma yao bahari tupu, bila hata tawi moja la mkoko. Maelezo yakasema wanafunzi "wamejifunza utunzaji wa mazingira kwa vitendo" na kwamba miche elfu tatu imepandwa. Imepandwa wapi, Mhariri? Na nani atakwenda kuihesabu?

Tuanze na hayo maji. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, saa hizo hizo ndizo yanapokuwa yamejaa. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu kwa siku moja au mbili, na maji mafu hufuata mwezi nusu. Mtoto wa mvuvi hayajui hayo kwa kusoma, kayakuta nyumbani. Sasa, Siku ya Mikoko Duniani ni 26 Julai kila mwaka, na mwezi wa angani haukushirikishwa kwenye uamuzi. Mwaka 2025 tarehe hiyo iliangukia mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama, bamvua safi kabisa. Mwaka 2023 iliangukia mwezi nusu: ukifika saa nne na hema lako na vipaza sauti, unayakuta maji yamejaa. Katika shule nzima ile hakukosekana mtoto ambaye angewaambia hivyo waandaaji bure, kama wangemuuliza.

Kisha mahali. Mikoko huishi nusu ya juu ya eneo ambalo maji hupanda na kushuka, kuanzia usawa wa kati wa bahari hadi bamvua kubwa inapofika. Chini ya hapo mche unakaa majini muda mrefu mno, mizizi inakosa hewa, mawimbi yanautikisa, na vile vikombe vidogo vyeupe vya gamba, kama vinavyoganda chini ya mitumbwi, vinalijaza shina mpaka linalala. Pale wazi panapopendwa na wapiga picha hapana mikoko kwa sababu haiwezi kushika. Ingekuwa inaweza, mbegu zinazoelea kila bamvua zingekuwa zimeshapajaza zamani. Mara nyingi huo ni uwanda wa nyasi bahari, ambako kina mama huwinda pweza, na tunawatuma watoto wakaukanyage kwa jina la mazingira. Shule moja ya kusini mwa pwani ilifanyiwa hivyo. Watoto wa darasa la tano walipewa miche ya kwenye viriba, wakaipanda nje ya mlilana (aina mojawapo ya mikoko) wa mwisho, safu zimenyooshwa kwa kamba kama mahindi. Hakuna aliyewaambia wachane viriba, kwa hiyo miche iliingia topeni na plastiki yake. Bamvua ya kwanza ikaondoka na nusu, ya pili ikaondoka na iliyosalia, na viriba vikaja kuokotwa ufukweni na watoto wale wale kwenye Siku ya Mazingira, 5 Juni, katika zoezi jingine la vitendo. Kilichobaki kimesimama ni kibao cha wafadhili, maana kile kilichimbiwa kwa saruji. Na tusidhani ni sisi peke yetu: Ufilipino walipanda kwa miongo kadhaa jamii ya mkoko wenye mizizi ya magoti pale palipostahili aina nyingine, mchu na mlilana, na watafiti wao wakakuta iliyodumu hai ni kati ya asilimia 10 na 20 tu.

Kujua kama mahali panafaa ni kazi ambayo darasa la nne wanaiweza, na hapo ndipo penye elimu yenyewe. Unahitaji mpira wa mita 10, ule mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi hupimia usawa, na fito mbili za mita 2 zilizotiwa alama kila sentimita 5. Fito moja inasimama kwenye mkoko mchanga uliojiotea wenyewe, ya pili pale mnapotaka kupanda. Jaza mpira maji, kila ncha ishikwe kwenye fito yake, subirini maji yatulie, someni. Huku yakisoma sentimita 80 kutoka topeni na kule 125, basi kule ni chini kwa sentimita 45, na hapo hapandwi kitu. Binafsi nisingevuka sentimita 10. Yanayoharibu kipimo ni matatu: kiputo cha hewa ndani ya mpira, fito kuzama topeni (weka kipande cha ubao chini yake), na mtoto kuziba ncha kwa kidole gumba ili maji yasimwagike. Hilo la tatu watalifanya tu, hata ukiwakataza. Waache wapate jibu la ajabu, kisha waulize kwa nini.

Mbegu nayo ina elimu yake. Mbegu ya mkoko ni ile ndefu ya kijani inayoning'inia kama rungu jembamba. Imekomaa pale pete iliyo kati ya tunda na rungu inapogeuka manjano. Ya kijani bado, iacheni. Lile tunda la juu lisinyofolewe kwa nguvu, kwa sababu chipukizi limo ndani na litakatika. Likikomaa hutoka lenyewe. Zichagueni zisizo na matobo ya wadudu, kisha zilazwe kivulini siku chache kabla ya kupanda, kaa hawazipendi sana zikishapoteza utamu wa ubichi. Wakati wa kupanda, tundu litobolewe kwanza kwa kijiti, maana ukisukuma mbegu kwa nguvu kwenye mchanga mgumu inachubuka au inavunjika, na jeraha hilo linaoza. Ncha nene iliyochongoka ndiyo inayokwenda chini, theluthi moja ya urefu, mita moja kutoka mbegu hadi mbegu. Kwenye picha yako, Mhariri, tazama mkono wa kulia wa mgeni rasmi. Ile mbegu ameishika kichwa chini.

Na watoto wafundishwe kwamba "mikoko" ni kundi, lenye mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi. Mchu hutoa chumvi kwenye majani: mtoto akilamba jani moja hatasahau tena somo la chumvi. Mizizi ya mchu huchomoza kama penseli, ya mlilana ni minene kama pembe, ya mkoko ni magoti yanayotembea. Wafunge kamba ya mraba wa mita 1 kwa 1, wahesabu matundu ya kaa ndani yake karibu na nchi kavu, kisha karibu na maji, waandike. Darasa la watoto 80 ligawanywe, vikundi vinne kwa siku, si wote kwa pamoja kama gwaride. Mabuti hapana; tope huyanyonya na mtoto huyaacha humo. Viatu vya raba vilivyochakaa, vikazwe kamba, vinakinga miguu na makombe ya chaza. Kuingia ni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na nusu saa baada ya kupwa wote wawe nje, kwa kuwa maji yakirudi hupita kwenye vijito vya mikokoni kwanza na kukuzunguka kwa nyuma.

Shule iliyo mbali na bahari nayo haina udhuru mkubwa. Chupa tatu za maji za lita 1.5 zikatwe vichwa, kila moja itiwe kiasi sawa cha mchanga na mbegu moja ya mkandaa, ambayo ni fupi. Ya kwanza maji ya bomba, ya pili maji ya bahari, ya tatu nusu kwa nusu. Kama bahari iko mbali, gramu 35 za chumvi kwa lita moja zinakaribia. Pimeni kila Ijumaa kwa rula. Kosa la kawaida: maji yakipungua, mwalimu anajaziliza maji ya chumvi tena. Kinachoruka ni maji peke yake, chumvi inabaki, hivyo baada ya wiki chache mbegu inakaa kwenye maji ya chumvi kali mno na watoto wanahitimisha kwamba mkandaa hauivumilii bahari! Chora mstari kwa kalamu ya wino, jaziliza maji ya bomba hadi mstarini. Ni chupa ipi inayoshinda sisemi, nisiwanyime watoto kazi.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nitoe na hili. Katika shule nyingi, nani humwagilia miche? Waliochelewa namba. Waliopiga kelele. Aliyeongea kilugha. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya somo. Tumeligeuza gereza dogo, halafu tunashangaa mtoto akimaliza shule hataki kuona jembe wala mche. Mti ambao umewahi kuutumikia kifungo huupendi. Kisha kwenye mtihani anaulizwa faida za misitu kwa kuchagua A, B, C au D, anapata, tunapiga makofi.

Ushauri wangu. Kwanza, gazeti lako huchapisha ratiba ya ligi na saa za swala. Halitapungukiwa likichapisha na saa za maji kupwa. Pili, mwandishi na mpiga picha wale wale warudi pale pale baada ya miezi kumi na miwili, pamoja na watoto wale wale, wahesabu. Tatu, mgeni rasmi wa mwaka ujao apewe dakika moja ya kuhutubia kwa kila miche mia iliyobaki hai ya mwaka huu. Ikiwa hakuna uliobaki, tutamsikiliza mwaka unaofuata. Nne, bei ya fulana kumi za maadhimisho inatosha kununua mpira wa mita 10, kamba na fito, na chenji ikabaki ya rula. Kabla ya kukusanya mbegu muoneni ofisa wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) wa wilaya, kwani mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi, na yeye atawaelekeza mti wa kuokotea.

Mbegu thelathini zinawatosha darasa zima. Kila kikundi tano, zenye namba, kwenye pengo lililomo ndani ya mikoko yenyewe, usawa ukiwa umeshapimwa. Zihesabiwe mwezi wa kwanza, wa tatu na wa kumi na mbili. Zile tatu au nne zitakazoliwa na kaa ziandikwe kwenye daftari kwamba zimeliwa na kaa.

Msomaji wako,
Kilwa Masoko