Mwanangu ana selimundu, sasa naambiwa ana pumu pia

Daktari, pole na kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Tulijua ana selimundu akiwa na miezi 8, vidole vya mikono na miguu vilipovimba akawa analia usiku kucha. Maumivu ya mifupa nimejifunza kuishi nayo. Kinachoninyima usingizi sasa ni kifua.

Mwaka jana alilazwa kwa maumivu ya mgongo na mapaja. Siku ya tatu, nikidhani tunakaribia kuruhusiwa, homa ikapanda, akaanza kukohoa na kuvuta pumzi fupifupi, akisema mbavu zinamchoma. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ambacho kwake husoma 96, kikashuka hadi 88. Eksirei ikaonyesha doa jeupe chini ya pafu la kulia. Mimi nikasema ni nimonia. Daktari wa zamu akanieleza kwamba kwa mwenye selimundu mambo huwa zaidi ya hapo: seli za damu zilizopinda huziba mishipa midogo ya mapafu, oksijeni ikipungua nyingine nyingi nazo hupinda. Chanzo kinaweza kuwa maambukizi, au hata mafuta yaliyotoka kwenye uboho wa mfupa ulioumia yakasafiri hadi mapafuni. Aliwekewa oksijeni, akapewa antibiotiki, akaongezewa damu. Nilikaa pale nikihesabu pumzi zake. Alipona, namshukuru Mungu.

Tangu hapo, akishikwa na mafua au akipata moshi, kifua hulia kama filimbi, hasa usiku. Kliniki ya kifua walimpima kwa kumpulizisha mashine, wakasema ni pumu, wakampa salbutamoli ya kuvuta anapobanwa na nyingine ya kila siku. Kliniki ya damu wanasema si kila kifua kinacholia kwa mtoto wa selimundu ni pumu. Siwalaumu, wote wananisikiliza vizuri. Ila hawajawahi kuzungumza wao kwa wao kuhusu mwanangu, na mimi ndiye ninayebeba maneno ya huku kuyapeleka kule, mengine nikiyasahau njiani.

Miezi miwili iliyopita alibanwa sana, kituo cha karibu wakampa vidonge vya prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi, vya siku 5. Kifua kilifunguka siku ya pili. Lakini siku tatu baada ya kumaliza dozi, maumivu ya mifupa yalimvamia upya, tukalazwa tena. Kliniki ya damu wakaniambia hilo linajulikana, kwamba steroidi zikiachwa maumivu ya selimundu yanaweza kurudi kwa kishindo. Baba yake sasa hataki hata kuisikia dawa hiyo. Mimi naogopa upande wa pili: je, kama siku moja pumu itambana kwelikweli, na sisi tumeikataa dawa ambayo ingemfungua?

Haidroksiyurea sikuulizii. Ndugu walinitisha kwamba ni dawa ya saratani, lakini nimeelezwa jinsi inavyopunguza maumivu na mashambulizi ya kifua, na vipimo vya damu vya kumfuatilia, nikaridhika. Anaanza mwezi ujao.

Ninachoomba unisaidie ni saa nane ya usiku. Mtoto kaamka, kifua kinalia, homa sijui kama ni ya mafua. Nimpe salbutamoli nisubiri, au nitoke naye saa hiyohiyo? Dalili gani hazisubiri hata dakika? Kipimo cha kidoleni nikinunua cha nyumbani, nishtuke kikisoma ngapi, wakati kawaida yake si 99 kama ya watoto wengine?

Pili, nitawezaje kuwafanya madaktari hawa wawili wakubaliane kwa maandishi, karatasi moja tu, ili hata nikikutana na daktari asiyemjua mwanangu ajue steroidi zitolewe lini na ziachwe vipi?

Tatu, alipolazwa walimpa kifaa chenye vimpira cha kuvutia pumzi, mara 10 kila baada ya saa mbili akiwa macho, ili mapafu yafunguke. Je, maumivu yakimshika tukiwa nyumbani, niendelee nacho?

Na mpira. Anataka kuingia timu ya darasa lake. Bibi yake amemkatalia kabisa. Mimi nimemwambia asubiri kwanza jibu lako.

Mama mwenye wasiwasi