Mtoto Ana Mafua na Koo Linamuuma: Muuguzi Anayekuja Nyumbani Hufanya Nini?

Msimu wa baridi unapoingia, kati ya Juni na Agosti, wazazi wengi wanaotupigia simu hutuuliza kwanza kama tutakuja na sindano. Mara nyingi jibu letu huwa hapana, nasi tunaona ni haki ya mteja kuelezwa sababu kabla hajalipia huduma yetu ya uuguzi wa nyumbani.

Mafua na sehemu kubwa ya maumivu ya koo husababishwa na virusi, na antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, haiui virusi. Mtoto aliyepewa amoksilini iliyobaki kwenye chupa ya kaka yake hatapona mapema zaidi. Anaweza kuharisha, na bakteria waliomo mwilini mwake hupata nafasi ya kujenga usugu dhidi ya dawa ambayo huenda akaihitaji kweli siku nyingine. Mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Kazi ya muuguzi katika siku hizo ni kumpunguzia mgonjwa mateso na, kubwa zaidi, kutambua mapema kama ugonjwa umeshuka kifuani.

Ndiyo maana jambo la kwanza tunalofanya tukifika ni kuhesabu pumzi. Mama humpakata mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, nguo hupandishwa hadi kifuani, na muuguzi hutazama tumbo na kifua vikipanda na kushuka kwa dakika 1 nzima huku saa ikiwa mkononi. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, na wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40, hayo si mafua tu tena, na tunamwandikia rufaa siku hiyohiyo. Mzazi yeyote anaweza kujifunza kuhesabu hivi, nasi humfundisha kabla hatujaondoka.

Kwa mtoto mchanga, pua iliyoziba si jambo dogo, kwa kuwa hushindwa kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja. Tunamdondoshea matone ya maji safi ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua, kisha tunayavuta makamasi taratibu kabla ya kila kunyonya. Homa na maumivu tunayatuliza kwa parasetamoli iliyopimwa kwa uzito wa mtoto, wala hatumpi aspirini. Asali hulainisha koo vizuri, lakini asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Tunawasihi pia wazazi wasimfukize mtoto kwa nyungu, yaani mvuke wa maji ya moto, kwa sababu maji hayo yakimwagika humuunguza vibaya.

Koo lina hali moja ambayo hatuipuuzi kamwe. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 ambaye koo limemuuma ghafla, ana homa kali, tezi za shingo zimevimba na mafindofindo yana usaha, lakini hakohoi wala hatoki makamasi, huenda ana bakteria wa streptokoka. Huyo anahitaji kuonwa na daktari, na akiandikiwa penisilini ya kumeza siku 10 azimalize zote hata kama maumivu yamekwisha siku ya tatu, kwa kuwa bakteria hao wasipotibiwa wanaweza kusababisha ugonjwa unaoharibu vali za moyo. Dawa ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado huzuia madhara hayo.

Kuhusu kukata kimeo, msimamo wetu ni thabiti: tusiwakate watoto. Kimeo huweza kuvimba mtoto anapokohoa, lakini si chanzo cha kikohozi, na wembe wa mkataji umewaletea watoto kuvuja damu kusikozuilika, pepopunda na maambukizi mengine, huku pumu au kifua kikuu kilichokuwa kikimkohoza kikiendelea bila tiba. Kikohozi kikifikisha wiki 2, apelekwe kupimwa kifua kikuu.

Usitusubiri sisi ikiwa mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea asiamke, mbavu zinabonyea anapovuta hewa, anakoroma kwa sauti kali akiwa ametulia, au anadondosha mate kwa kushindwa kumeza. Mpeleke hospitali moja kwa moja, na vivyo hivyo kwa mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa.

Kwa hali nyingine, tupigie simu, utuambie umri na uzito wa mtoto kama unaujua, na utuwekee mezani kila dawa aliyokwisha kupewa, pamoja na za mitishamba, ili muuguzi asije akarudia dozi.